Sekunde 3 kwa lita 12

Lori letu linaitwa Hasidi. Marehemu mume wangu alipolinunua aliandikisha juu ya kioo cha mbele "Hasidi hana sababu", kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha manjano. Jua na chumvi ya Malindi zikala maneno mawili ya mwisho, likabaki la kwanza peke yake. Tukipita Maweni watoto hupiga kelele, "Hasidi huyo, Hasidi!" Nimeshazoea.

Ni Canter, Mitsubishi Fuso yenye injini ya 4D33: silinda 4, lita 4.2, haina tabo ya kuisukumia hewa, pampu ya dizeli ni ile ya safu ya kizamani, komputa hakuna. Linabeba chumvi kutoka Gongoni hadi Mariakani, gunia 80 za kilo 50, safari tatu kwa wiki mambo yakiwa mazuri. Dereva ni mwana wa dada yangu. Mimi nilisomesha hesabu miaka 31, nimestaafu, na kazi yangu kwa Hasidi ni kulipa.

Septemba 2023 EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei za mafuta, ilipotangaza bei, dizeli ikavuka shilingi 200 kwa lita kule Nairobi. Huku Pwani, karibu na bandari, tulikuwa chini yao kwa shilingi chache tu. Wiki hiyo hiyo dereva wangu akaja barazani, akakataa chai, nikajua anataka pesa.

"Khalati, gari halina nguvu. Mlima wa Kaloleni tunapanda na gia ya pili. Bodaboda wanatupita wakituonea huruma. Wacha tukafungue pampu."

Kwa asiyekuwa wa mambo haya: kufungua pampu ni kugeuza skrubu inayoamua mwisho wa mafuta yanayopewa injini dereva anapokanyaga mpaka chini. Kiwandani huifunga na sili ya madini ya risasi. Fundi huikata sili, huigeuza nusu mzunguko au zaidi, gari linatoka gereji linanguruma, mwenye gari anatoa shilingi elfu mbili na shukrani. Nusu ya magari ya mchanga na mawe hapa Malindi yamefanyiwa hivyo, na utayajua kwa moshi.

Nikamwambia sawa, tutafungua. Lakini tutapima kabla, na tutapima baada. Akacheka. Akadhani natania.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Utaratibu wangu ulikuwa huu. Tanki lijazwe mpaka shingoni, kituo kile kile, bomba lile lile, gari limesimama pale pale, maana ukisimama penye mteremko lita mbili zinapotea au zinapatikana bila sababu. Gunia nazihesabu mimi mwenyewe. Kwenda tunapita Kilifi, tunavuka daraja, tunakata kulia Mavueni, Dzitsoni, Kaloleni, mpaka Mariakani. Kurudi mtupu njia ile ile, tanki linajazwa tena. Kama kilomita 240 kwenda na kurudi kutoka Malindi. Na kabla ya Kaloleni kuna mwinuko mmoja, kwenye mguu wake pana kalvati, juu pana mkwaju. Kutoka kalvati hadi mkwaju nashika saa ya simu. Dereva akanyage mpaka chini, asibadilishe gia mpaka gari lenyewe liombe. Kila mpangilio safari tatu, halafu naipata wastani. Mbele tunakaa watatu, mimi katikati na daftari, tanboi, yaani utingo, dirishani. Safari ya kwanza wote wawili walikuwa kimya kama wako mtihanini.

Vipimo vya mwanzo kabisa nilivitupa. Nilikuwa nategemea mita ya gari kwa kilomita, na dereva katikati ya wiki akabadilisha tairi za nyuma, akatoa 7.00 akatia 7.50, akasema ni bei nzuri. Tairi ya 7.50 ni ndefu zaidi, kwa hivyo inazunguka mara chache zaidi kwa njia ile ile, na mita inasoma pungufu kama kilomita 4 katika kila 100. Zaidi ya hapo, tairi refu ni kama kuliwekea gari gia nzito zaidi: mlima unakuwa mrefu. Kijana alikuwa ametupunguzia nguvu kwa mikono yake mwenyewe halafu anakuja kuniomba za kuongeza. Tairi zikarudi 7.00, mita nikaiacha, nikahesabu lita kwa safari. Safari haina tairi.

Basi, Hasidi kama alivyokuwa: lita 46 kwa safari, na mwinuko dakika 2 na sekunde 10. Moshi mwepesi wa kijivu. Sauti laini. Kumbuka hiyo sauti laini, nitairudia.

Tukaenda kufungua pampu. Fundi sitamtaja wala gereji sitaitaja, ni mtu mwenye adabu na mkono mwepesi. Aliponiona na daftari akaniuliza, "Mwalimu, leo ni ukaguzi?" Akageuza skrubu nusu mzunguko, akaskiza, akaongeza kidogo. Hakutumia kipimo chochote isipokuwa sikio. Tukatoka.

Sitadanganya, gari lilibadilika. Dereva alikuwa anatabasamu kutoka Malindi mpaka Mavueni. Kwenye mwinuko dakika 1 na sekunde 55. Sekunde 15 zimekwenda! Tanboi akapiga makofi. Halafu nikatazama kioo cha pembeni, nyuma yetu hakuna barabara. Kulikuwa na mzee wa bodaboda amesimama kando ameziba pua na kofia yake. Turudi Malindi, tujaze tanki: lita 53.

Watu husema "gari linakula lakini linakwenda". Haya, tuseme linakula nini. Injini ya dizeli haina mlango wa kubania hewa kama ya petroli. Inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, na nguvu unaiamuru kwa mafuta. Kilo 1 ya dizeli inataka kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na kwa kweli inataka zaidi ya hizo, kwa sababu mafuta yanamwagwa dakika ya mwisho na hayapati nafasi ya kuchanganyika vizuri. Hasidi hana tabo ya kumsukumia hewa. Lita 4.2 ndicho kifua chake. Ukimwongezea mafuta kidogo na hewa ilikuwa imebaki, utapata nguvu. Ukipita hapo, mafuta yanakosa hewa ya kuungulia, yanatoka kwa bomba yakiwa masizi, na yaliyobaki yanaungua yamechelewa, moto unatoka na valvu. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia. Mimi nimeilipia.

Halafu kuna joto letu. Hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa karibu 6 katika 100. Injini iliyopimwa mahali pa baridi, huku kwetu mwezi wa kaskazi inavuta pumzi pungufu hata kabla hujaigusa. Mtu wa Limuru akifungua pampu nusu mzunguko na mtu wa Malindi akifungua nusu mzunguko, hawajafanya jambo moja. (Limuru nayo iko juu mlimani, hewa ni haba kwa sababu nyingine, kwa hivyo mfano wangu una tobo. Lakini mmenielewa.)

Kuhusu joto la bomba la moshi, bamkubwa wa watoto wangu alikuwa na Canter ya 4D34, ile yenye tabo. Alifungua pampu na akakazia tabo isukume zaidi, miezi saba raha mustarehe, siku moja kwenye kupanda Mazeras injini ikakohoa moshi mweupe. Kichwa kilipofunguliwa, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Aluminiamu haiombi ruhusa, inayeyuka. Alikuwa hana hata kipimo cha joto la moshi kwenye dashibodi, cha maji tu, na maji yalikuwa sawa mpaka dakika ile.

Skrubu tukairudisha. Hapa kukapita wiki nyingi bila kupima, kwa sababu mvua za El Niño zilianguka, na chumvi haivunwi mvua ikinyesha. Novemba ile gari lilisimama zaidi ya lilivyotembea.

Desemba tukajaribu jambo la pili, taimingi. Rafiki wa dereva alimwambia kwamba siri si mafuta, siri ni wakati. Maneno yake yana ukweli. Dizeli haiwaki pale pale inapoingia, inataka kitambo kidogo kupata joto na kuwaka, kwa hivyo pampu inainyunyiza pistoni ikiwa bado haijafika juu. Ukiiwahisha kidogo, moto unakomaa wakati pistoni imeanza kushuka, msukumo wote unaingia kazini. Ukiichelewesha, moto unamkimbiza pistoni anayeshuka, nguvu inapotea na joto linaondoka na moshi. Kwenye 4D33 kazi yenyewe ni kulegeza nati za pampu na kuizungusha kidogo kwenye matundu yake marefu. Fundi yule yule akaizungusha, kwa jicho, akakaza.

Lita 44. Mwinuko dakika 2 na sekunde 2. Moshi hakuna. Mimi nikafurahi sana, kwa sababu kwenye daftari hapo palikuwa na ushindi wa pande zote mbili: mafuta yameshuka na nguvu imepanda. Lakini sauti! Injini ikawa inagonga kama kokoto ndani ya debe, hasa asubuhi. Dereva akasema ndiyo sauti ya nguvu. Wiki ya pili mshale wa joto ukaanza kupanda kwenye mwinuko wetu, haujawahi. Wiki ya tatu tanboi akaona mstari wa unyevu chini ya kichwa cha injini, gasketi inatoka jasho. Moto ukianza mapema mno, pistoni inapanda ikipigana nao, na shinikizo linatafuta pa kutokea. Tukasimamisha gari.

Hapa ndipo nilipoona haya, mimi mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimeandika "taimingi mbele" kwenye daftari langu zuri, na sikujua mbele ya wapi. Sikuwa nimeuliza alama ya kiwandani iko wapi na Hasidi alikuwa wapi kabla hatujamgusa. Mtoto wa darasa la sita akinichorea mstari wa namba bila sifuri namrudishia daftari.

Safari hii tulikwenda kwa fundi wa pampu Mombasa, mwenye mashine ya kupimia. Mzee mmoja mkimya sana. Kwanza alifuta uchafu kwenye ubavu wa pampu, akanionyesha na tochi: alama ya kiwandani ile pale, alama yetu ya sasa iko mbele yake kwa digrii 4 hivi, na kuna mkwaruzo wa zamani, umeshika kutu, uko nyuma ya alama kwa digrii 2. Mtu fulani, miaka iliyopita, aliichelewesha pampu hii kwa makusudi.

"Kwa nini mtu achelewe kwa makusudi?" nikamwuliza.

"Tutoe nozeli, mwalimu. Nozeli zitasema."

Nozeli ndizo midomo inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda. Akazipima moja moja kwenye kile kifaa cha mkono chenye geji. Tatu zilifungua karibu na kipimo cha kitabu na kutoa ukungu mzuri kama wa pafyumu. Ya nne ilifungua kwa shinikizo lililo chini ya wenzake kwa robo nzima, na ilikuwa inadondosha kama bomba la msikitini lililochoka washa. Nozeli yenye springi legevu inafunguka mapema, kwa hivyo silinda ile moja ilikuwa inapata mafuta kabla ya wakati, na inagonga. Fundi wa zamani aliisikia ikigonga. Badala ya kutafuta nani anagonga, akaichelewesha pampu nzima mpaka kelele ikanyamaza. Silinda tatu zisizo na kosa zikaadhibiwa kwa ajili ya moja. Na ile sauti laini niliyoipenda mwanzo ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Nimewahi kufanya hivyo darasani, nakiri. Mmoja anapiga kelele, wote wanasimama juani.

Nozeli zote 4 zikawekwa mpya na kupangwa kipimo kimoja. Pampu ikapandishwa kwenye mashine, mafuta ya kila silinda yakapimwa kwenye vichupa vya kioo mpaka yakalingana. Skrubu ikarudi kipimo cha kiwanda. Taimingi ikawekwa kwenye alama, si kwa jicho: alilegeza bomba la silinda ya kwanza, akazungusha injini kwa mkono pole pole mpaka mafuta yalipoanza kutikisika mdomoni mwa bomba, akasoma namba kwenye puli. Gasketi ya kichwa tukabadilisha, mbali na hesabu hii, hiyo ni faini yangu.

Tapeti, yaani kupanga ile nafasi ndogo juu ya valvu, tulifanya Malindi. Kwa injini hii nafasi ni milimita 0.40 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa, injini ikiwa baridi. Baridi, si vuguvugu. Nilimwita fundi baada ya swala ya alfajiri kabla gari halijawashwa, akaja amenuna. Valvu moja ya kutolea moshi ilikuwa 0.25, nyingine 0.65. Iliyobana haifungi sawasawa ikipata moto, inavujisha mgandamizo na mwisho inaungua ukingo. Iliyolegea inafunguka ikiwa imechelewa na kufunga mapema, inapiga kelele bure. Na filta ya hewa, ambayo tanboi alikuwa anaipiga upepo wa kompresa kila Ijumaa kwa mapenzi makubwa, ilikuwa imetoboka mikunjo miwili. Vumbi la Gongoni lilikuwa linaingia kama lina kadi ya mwaliko.

Matokeo, wastani wa safari tatu za Februari 2024, joto la kaskazi likiwa kali: lita 41. Mwinuko dakika 1 na sekunde 58.

Nilimpa dereva daftari asome mwenyewe. Pampu iliyofunguliwa ilitupandisha hadi mkwajuni sekunde 3 mapema kuliko hivi sasa. Kwa sekunde 3 hizo ilikunywa lita 12 zaidi kila safari, kama shilingi 2,400 kwa bei ya wakati ule. Na gari la biashara kisheria halitakiwi kuvuka kilomita 80 kwa saa, kwa hivyo hizo sekunde hata pa kuzitumia tambarare ya Watamu hapana. Nozeli, mashine ya pampu, tapeti na filta vilinigharimu shilingi 14,000 jumla. Ukilinganisha na Hasidi wa mwanzo, lita 5 zinazobaki kila safari ni karibu shilingi 1,000. Wiki tano nikawa nimerudisha.

Jirani yangu wa Muyeye alisoma haya yote akaniambia mambo yangu ni ya zamani. Yeye ana Isuzu FRR ya 4HK1, lita 5.2, kila kitu kwa komputa. Ni kweli, huko hakuna skrubu. Kijana alikuja na laptopu, akabadilisha ramani ya injini: kiasi cha mafuta, wakati wa kunyunyiza, shinikizo la mafuta, ukomo wa moshi, yote kwa vidole. Gari likawa simba. Nilimwuliza maswali mawili tu: je, ramani ya kwanza ameihifadhi, na je, amelipima lori kabla. La kwanza hakujua. La pili akacheka kama dereva wangu alivyocheka. Mwezi wa pili klachi ikaanza kuteleza, kwa sababu komputa ilibadilishwa na klachi haikuambiwa. Sisemi ramani ni mbaya. Fundi anayepima nguvu kwenye mashine ya rola, anayejua sanduku la gia linabeba nini, anaweza kukupa kitu kizuri. Lakini anayekwambia "farasi 40 zaidi" na hajawahi kuwahesabu uliokuwa nao, huyo ni mwenzake yule wa jicho.

Sasa skrubu ya pampu ya Hasidi nimeipaka rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, mstari mmoja unaovuka skrubu na mwili wa pampu. (Hina haishiki kwenye chuma, nilijaribu.) Ikigeuzwa hata kidogo mstari unakatika.

Juzi Alhamisi gari limerudi, nikafungua boneti kutazama mafuta ya injini. Mstari umekatika.

Nikamwita. Akaja pole pole, anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Khalati, ni robo tu."

Robo ya mzunguko sijawahi kuipima. Jumamosi tunapakia Gongoni saa kumi na moja alfajiri, gunia 80. Nimeshampa tanboi pesa ya betri ya simu.